Tarehe iliyo kwenye tangazo si yako

"Shikamoo, mwalimu," alisema kijana mmoja kabla hajaingia, begi bado mgongoni. Nikaitikia, nikamsogezea kiti. Ilikuwa wiki ya pili ya Januari, theluji imerundikana mpaka usawa wa dirisha la ofisi yangu, na mkononi alishika karatasi aliyoichapisha maktaba: tangazo la ufadhili wa Goldwater. Mstari mmoja alikuwa ameupaka rangi ya njano. Mwisho wa maombi, Ijumaa ya mwisho ya Januari. "Nina wiki mbili na ushei," akaniambia. "Insha nimeshaianza."

Sikujua nianzie wapi. Goldwater haiombwi na mwanafunzi peke yake. Bunge la Marekani liliuanzisha ufadhili huo mwaka 1986 kwa wanafunzi wa sayansi, hisabati na uhandisi, na kila chuo huruhusiwa kuteua watu wanne, au watano ikiwa mmoja wao amehamia kutoka chuo kingine. Ijumaa ile aliyoipaka njano ni siku ya chuo kuwasilisha majina yake. Chuo chetu kilikuwa kimepokea maombi mwanzoni mwa Novemba na kuwachagua wanne wake kabla ya likizo ya Krismasi. Kijana huyu alikuwa mwaka wa tatu wa kemia. Miaka miwili alikuwa akishinda maabara, na profesa wake alikuwa amenitajia jina lake mara mbili kwenye ngazi. Nathubutu kusema angekuwa mmoja wa wale wanne. Na kwa kuwa ufadhili huo ni wa walio mwaka wa pili na wa tatu, hapakuwa na mwakani.

Nilimweleza hivyo hivyo, polepole. Akaikunja ile karatasi mara nne. "Lakini tangazo halikusema," akasema.

Kweli, halikusema. Nimekaa na sentensi hiyo muda mrefu, na ndiyo inayonifanya niandike leo, Septemba, mwaka wa masomo ukiwa ndio kwanza unaanza na mbao za matangazo zikijaa karatasi mpya.

Nafanya kazi na wanafunzi wa onazi. Kwa asiyelijua neno hilo: vyuo vikuu vingi vya Marekani huwa na programu, na vingine huwa na koleji nzima, kwa ajili ya wanafunzi wenye matokeo ya juu. Husoma katika madarasa madogo, huandika tasnifu mwaka wa mwisho, na huwa wa kwanza kuambiwa kuhusu fursa za utafiti, mikutano na ufadhili. Hayo ya mwisho ndiyo yamejaa kwenye vipeperushi vyetu. Mwanafunzi anayeingia mwaka wa kwanza hupokea barua pepe za fursa mpaka anaacha kuzifungua. Kwa hiyo taarifa hazikosekani. Ninachokiona kikikosekana, hasa kwa watoto ambao wazazi wao hawakusoma chuo hapa, ni mtu wa kukaa nao na kuisoma tarehe vizuri.

Kila fursa kubwa ina tarehe tatu. Ya kwanza ndiyo iliyochapishwa. Ya pili ni ya chuo, nayo hutangulia kwa wiki kadhaa, wakati mwingine kwa miezi miwili. Ya tatu haijaandikwa popote: ni siku ambayo mwalimu atakayekuandikia barua ya mapendekezo anapaswa kuwa amekujua kiasi cha kuwa na la kusema. Hiyo ya tatu hutangulia kwa mwaka mzima au zaidi.

Tuchukue ufadhili wa Truman, ulioanzishwa na Bunge hilo hilo mwaka 1975 kwa kumbukumbu ya Rais Harry Truman. Ni wa wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaotaka kufanya kazi ya utumishi wa umma, na hutoa hadi dola 30,000 kwa masomo ya juu zaidi. Maombi ya kitaifa hufungwa mwanzoni mwa Februari. Hapa napo chuo ndicho kinachoteua. Lakini tazama zile barua tatu zinazotakiwa: moja ya mtu aliyekuona ukiongoza, moja ya mtu aliyekuona ukiihudumia jamii, na moja ya mwalimu anayeweza kuzungumzia akili yako na uwezo wako wa kuendelea na masomo. Juu ya hapo unaandika pendekezo la sera kuhusu tatizo halisi unalotaka serikali ilishughulikie. Hakuna binadamu anayeweza kuwapata watu watatu wa namna hiyo kwa mwezi mmoja. Wanapatikana kwa kuwa mahali fulani, miaka miwili, ukifanya kazi ambayo hukuifanya kwa ajili ya barua.

Nimeandika barua nyingi za mapendekezo, na najua aibu ya kuandika barua tupu. Mwanafunzi amepata A katika somo langu, ni mpole, anakaa safu ya tatu. Nimwandikieje? Naweza kusema amefanya vizuri, jambo ambalo GPA yake, yaani wastani wake wa alama, imeshalisema. Na wapo ambao nimewaandikia kurasa mbili bila kunyanyua kalamu, kwa sababu walikuja ofisini wakabishana nami kuhusu kitabu, wakarudi wiki iliyofuata kusema wamebadili mawazo. Saa za ofisi za maprofesa zimewekwa kwa ajili hiyo. Nasikitika kwamba wengi wetu tuliolelewa kumheshimu mwalimu kwa kukaa mbali naye tunadhani mlango ule ni wa mwenye shida. Nikiwa mwanafunzi nilipita mbele ya milango iliyo wazi miaka miwili mizima nikiona adabu inanitaka nisisumbue. Nilipohitaji barua, mwalimu mmoja mwema aliniuliza, kwa upole kabisa, nilikuwa nakaa wapi darasani.

Programu za onazi zenyewe zilizaliwa kutokana na mazungumzo ya namna hiyo. Frank Aydelotte, Mmarekani aliyekwenda Oxford mwaka 1905 kwa ufadhili wa Rhodes, aliona kule mwanafunzi akikaa na mwalimu wake na insha mkononi, akiulizwa kila neno alilomaanisha. Alipokuwa rais wa koleji ya Swarthmore, akaanzisha mwaka 1922 programu ya onazi iliyofuata mfano huo: semina za watu wachache, na mwishoni mitihani inayotungwa na kusahihishwa na wasomi kutoka nje, si na walimu wa koleji yenyewe. Mpaka leo Swarthmore huwaalika watahini wa nje kila majira ya kuchipua, na mwanafunzi hukaa mbele yao kwa mtihani wa mdomo. Napenda sana utaratibu huo, kwa sababu unambadilisha mwalimu. Kama mtahini ni mtu wa nje, mwalimu wako hana sababu ya kukuficha kitu. Nyote wawili mko upande mmoja wa meza, mkijiandaa kwa mgeni.

Vyuo vingi vimebakiza sehemu ndogo tu ya hayo: utetezi wa tasnifu mbele ya jopo, mara nyingi Aprili, chumba chenye watu wanane na jagi la maji. Ikiwa chuo chako kinaruhusu wasikilizaji, nenda ukasikilize utetezi mmoja ukiwa bado mwaka wa kwanza. Hautangazwi kama fursa, wala hauna fomu. Ila utamwona mtu aliyekuzidi miaka mitatu akisema "sijui, ila ningeanzia hapa," na jopo likiitikia kwa kichwa, na utaanza kuelewa unakokwenda.

Nirudi kwa yule kijana, maana mazungumzo yetu hayakuishia kwenye ile karatasi iliyokunjwa.

Nilimuuliza hati yake ya ukaaji. Akaona haya kidogo. Familia yake ilitoka Kongo, yeye amekulia kambini, wakaletwa Marekani akiwa na miaka kumi na moja. Ana grini kadi, yaani ni mkazi wa kudumu, uraia bado. "Kwa hiyo nyingi hazinihusu," akasema, kama mtu aliyezoea kulisema hilo. Nikamwambia ngoja kwanza, tusome pamoja.

Hapa nataka niende taratibu, kwa kuwa nimeona watu wengi wakijitoa kwenye foleni ambayo hawakuambiwa watoke. Goldwater inamkubali mkazi wa kudumu. Udall vilevile, ambayo ni ya wanaojali mazingira au masuala ya jamii za Wenyeji wa Marekani. Nafasi za Rhodes za Marekani, 32 kila mwaka, ziko wazi kwa mkazi wa kudumu pia. Mafunzo ya utafiti ya majira ya joto yanayofadhiliwa na Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani, yale yanayojulikana kwa herufi REU, humkubali raia na mkazi wa kudumu. Kwa upande mwingine, Marshall ya kusoma Uingereza, Truman, ufadhili wa Gilman wa kusoma nje na ule wa Fulbright kwa Wamarekani wanaokwenda nchi nyingine, hizo zinadai uraia, au katika baadhi yake hadhi iliyo karibu sana na uraia. Wenye viza ya mwanafunzi wamefungiwa milango mingi zaidi, lakini si yote. Gates Cambridge, ya kusoma Chuo Kikuu cha Cambridge kule Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 2000 kwa dola milioni 210, huchukua watu wapatao 80 kwa mwaka kutoka nchi yoyote isiyo Uingereza, na hakuna haja ya kuteuliwa na chuo chako. Schwarzman, shahada ya uzamili ya mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha Tsinghua kule Beijing, nayo unaiomba mwenyewe. Rhodes ina nafasi zinazowahusu Wakenya, na tangu 2018 ina nafasi za dunia nzima kwa wasio na nafasi za nchi zao. Programu ya RISE ya shirika la Ujerumani la DAAD humpeleka mwanafunzi wa shahada ya kwanza kwenye maabara ya Ujerumani majira ya joto, kufanya kazi bega kwa bega na mtu anayesomea udaktari. Inachotazama ni chuo unachosoma, na maombi yake hufungwa mwishoni mwa Novemba.

Sheria hizi hubadilika. Soma ukurasa wa masharti wa mwaka huo huo, mwenyewe, kwa macho yako, kisha umuulize mratibu wa chuo. Usimuulize mwenzako wa bwenini.

Katika yote tuliyoyasoma siku ile, REU ndiyo iliyokuwa bado mbichi. Ni wiki nane hadi kumi katika chuo kingine, unalipwa posho na mara nyingi unapewa pa kulala, na kila kituo hupokea maombi yake chenyewe, bila uteuzi wa chuo chako, vingi kati ya Januari na Machi. Nafasi huongezeka na kupungua kutegemea bajeti ya serikali, kwa hiyo mtu haombi kituo kimoja. Tulichagua saba. Ile insha aliyoianza kwa ajili ya Goldwater haikupotea; tuliikata katikati, tukaondoa aya ya kwanza iliyosema tangu utotoni alipenda sayansi, na tukaanza na kosa alilolifanya maabara Oktoba: mchanganyiko uliogeuka rangi mapema kuliko ilivyotarajiwa, na wiki tatu za kutafuta kwa nini. Hapo ndipo niliposikia sauti yake.

Machi vituo viwili vilimkubali.

Nisingependa mtu asome haya akadhani mambo ya maana ni ufadhili wenye majina makubwa tu. Wengi wa wanafunzi wangu hawataomba Rhodes, na maisha yao hayatapungua chochote. Kwa mwaka ulioanza sasa, matukio ninayowasukuma waende ni madogo na ya karibu. Baraza la taifa la programu za onazi, lililoanzishwa mwaka 1966, huwa na mkutano wake wa mwaka majira ya mapukutiko, na wanafunzi huwasilisha kazi pamoja na walimu wao. Mkutano huo una desturi moja ninayoipenda: washiriki hugawanywa katika vikundi vidogo na kutumwa mitaani, watembee, wazungumze na watu, kisha warudi kuusoma mji kama mtu anavyosoma kitabu. Mwanafunzi wangu mmoja wa uhasibu alirudi kutoka matembezi hayo akabadilisha mada ya tasnifu yake yote. Alikuwa amekaa saa mbili kwenye kituo cha basi akihesabu nani anapanda na nani anaachwa.

Kisha uko mkutano wa taifa wa utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza, NCUR, ulioanza mwaka 1987 katika Chuo Kikuu cha North Carolina kule Asheville. Siku hizi huwakusanya maelfu ya wanafunzi kila Aprili, wa kila fani, ngoma na fizikia ukumbi mmoja. Aprili ni tarehe ya kwanza. Ikisari, yaani muhtasari mfupi wa utafiti, hutakiwa miezi mingi kabla, na nauli huombwa kwenye koleji ya onazi kabla ya hapo, wakati mfuko bado una kitu. Mwenye kungoja matokeo yake yakamilike ndipo aandike ikisari hafiki. Ikisari ni ahadi: hiki ndicho ninachokitafuta, hii ndiyo njia yangu, hapa ndipo nilipofika. Wengi hawaamini kwamba inaruhusiwa kuandika hivyo. Inaruhusiwa.

Na mtu akikwambia uandae bango la utafiti wako, usilidharau. Kusimama kando ya bango lako saa moja na nusu, na mgeni akakuuliza "kwa hiyo?", ni mtihani wa Aydelotte bila meza. Siku ya mabango ya chuo chetu ni Novemba, na kila mwaka nawaomba wa mwaka wa kwanza waje na swali moja tu la kuuliza. Mwenye bango hufurahi kuliko muulizaji anavyodhani. Amekaa na jambo lake peke yake tangu majira ya joto.

Liko jambo jingine linalonigusa kuliko yote, nami ni mwalimu wa Kiswahili kwa hiyo nivumiliwe. Serikali ya Marekani hulipa gharama za wanafunzi wake kwenda kujifunza Kiswahili. Kimo katika programu ya lugha muhimu ya wizara ya mambo ya nje, iliyoanza mwaka 2006. Kimo pia katika ufadhili wa Boren, ambao hudai mwaka mmoja wa kazi serikalini baada ya masomo. Upande wa pili, Fulbright huwaleta walimu vijana kutoka Kenya na Tanzania kufundisha Kiswahili vyuoni humu kwa mwaka mmoja. Yaani lugha hii inagharimiwa, inashindaniwa, inaandikiwa insha za kuombwa. Na darasani kwangu huketi wanafunzi waliokulia nayo, ambao kwenye fomu, pale panapoulizwa ujuzi wa lugha, huandika Kiingereza na kuendelea mbele.

Binti mmoja wa sosholojia alitaka kuandika tasnifu kuhusu huduma za afya kwa wahamiaji. Alipanga kutumia takwimu za kaunti. Nikamuuliza nani katika idara yake anaweza kukaa sebuleni na mama wa miaka sitini, akaamkia, akanyamaza inapopaswa kunyamaza, na kuelewa kwamba "sijambo kidogo" maana yake ni mgonjwa. Alifikiri kwa muda. Akasema, "Ni mimi tu." Tasnifu yake ilikuwa na mahojiano kumi na mawili kwa Kiswahili, na kabla ya kuyaanza ilibidi apate kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, kilichochukua wiki tisa. Naitaja hiyo kamati makusudi. Ni tarehe nyingine isiyoandikwa kwenye tangazo lolote. Anayetaka kuzungumza na watu kwa ajili ya tasnifu na ameanza kufikiria hilo Januari ya mwaka wa mwisho, atakuta Machi imefika na fomu yake bado ipo mezani kwa mtu.

Mwaka huu nimeamua kubadilisha kitu kimoja katika ubao wetu. Kila tangazo linalobandikwa, nalibandikia karatasi ya pili chini yake, kwa mwandiko wangu: tarehe ya chuo, jina la ofisi ya kuuliza, nani anaruhusiwa kwa hati gani, na mstari wa mwisho unaosema "anza kuzungumza na mwalimu kabla ya" mwezi fulani. Mwenzangu mmoja ameniambia ubao unaonekana mchafu. Ni kweli, hauvutii kama zamani. Lakini nimeona watu wakisimama mbele yake dakika tano, wakati zamani walikuwa wakipiga picha na kwenda zao.

Kijana wa kemia sasa yuko mwaka wa nne. Majira yote ya joto alikuwa kwenye ile REU, amerudi na profesa wa pili anayemjua kwa jina na kwa makosa yake, na anaandika maombi ya shahada ya uzamivu moja kwa moja. Jumatatu alipita ofisini. Nilidhani amekuja kuhusu insha. Nyuma yake alikuwa amesimama msichana mwembamba mwenye beji ya mwaka wa kwanza shingoni, anatazama sakafu.

"Shikamoo, mwalimu. Huyu ni mdogo wangu. Anataka biolojia."

"Marahaba. Karibu, mwanangu, keti."

Akaketi kwenye ukingo wa kiti, akafungua daftari, akasubiri nianze kusema. Nikamuuliza ni mwalimu gani wiki hii amesema jambo ambalo hakulielewa. Akamtaja mmoja, kwa sauti ya chini. Nikaangalia ratiba: saa za ofisi za mwalimu huyo ni Jumatano, saa nane hadi saa kumi alasiri, jengo la tatu ukitokea maktaba. Akaandika.